Mfarishi wa Mapeasi

Tangu nihamie Coldwick nikiwa bi harusi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Thirza Teakle, na sikuwahi kuona kitu chenye sura mbaya kikivuka mlango wake. Ukimpelekea biskuti kwenye kopo la plastiki, alizimimina kwenye sahani ya udongo hata kabla hujakaa, na kopo lako akakurudishia mkononi uende nalo.

Nyumba yake ilijengwa na wale mafundi waliohama London zama za babu zetu, wakaja huku vilimani Gloucestershire kwa sababu walichoshwa na takataka za viwandani. Walitaka kila kiti na kila bawaba ya mlango itoke mkononi mwa mtu. Wengi wetu kijijini tunakaa kwenye nyumba zao, na tunachokiona ni madirisha madogo na vyumba visivyopata joto. Thirza aliona kingine. Alizijua alama za patasi kwenye boriti za dari yake, ipi ilikuwa ya fundi wa mkono wa kushoto na ipi ya mwanafunzi aliyeharakisha. Kuta zake zilikuwa na karatasi ya zamani yenye majani yanayosokotana na ndege waliojificha ndani yake, na palipochanika alipaka rangi kwa brashi nyembamba mpaka usijue pengo lilikuwa wapi.

Yeye mwenyewe alishona mifarishi. Si blanketi za viraka za kununua sokoni, la. Juu anaweka kitambaa alichokipanga kipande kwa kipande, katikati sufu ya kondoo, chini pamba, kisha anavishona vyote vitatu pamoja kwa mkono, kwa mishono midogo kama mbegu za stroberi. Michoro aliitoa bustanini. Asubuhi, umande haujakauka, utamwona ameinama na penseli mbele ya ua moja, koti la marehemu mumewe mabegani, kikombe cha chai kimepoa kwenye jiwe. Baada ya hapo anang'oa magugu, kisha anaingia ndani na kukaa kwenye fremu yake karibu na dirisha la kusini mpaka macho yamuume. Rangi pia alizipika mwenyewe: nyekundu kutoka kwenye mizizi aliyoichimba, buluu kutoka kwenye majani ya nili. Chungu cha nili kilinuka kama zizi.

"Thirza!" nilikuwa nikimpigia kelele juu ya ukuta. "Umekufa humo ndani au unapika?"

"Napika buluu!"

"Basi funga mlango, nguo zangu ziko kwenye kamba!"

Alikuwa na mtoto mmoja, Corin. Baba yake alikufa Corin akiwa bado shule ya msingi, moyo ulisimama akiwa anapogoa ua wa bustani. Mtoto akakulia chini ya ile fremu, akikusanya sindano zilizoanguka. Alirithi mkono wa mama yake. Alipomaliza shule alichukuliwa na karakana ya samani bondeni, wanakotengeneza viti kwa namna ya wale mafundi wa zamani, bila msumari hata mmoja. Watu walitoka mbali kuagiza viti vya Corin Teakle.

Halafu kitu kilimvunjika ndani. Sijui niseme nini zaidi. Alianza kutengeneza kiti, akifika katikati anakibomoa. Akawa hapati usingizi, akaacha kula mbele za watu, akaachishwa kazi kwa upole, na akarudi kulala kwenye chumba chake cha utotoni, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Daktari alimpa vidonge. Mama yake alimpa kazi, kwa sababu hiyo ndiyo dawa aliyoijua. Alimtoa nje, akamwekea jembe mkononi, akamwekea penseli.

Na kwa muda ilifaa. Kwenye ukuta wa kusini kulikuwa na mpeasi mzee ambao matawi yake yalifungwa bapa kwenye mawe tangu ukiwa mche, ukatanda ukutani kama mikono iliyonyooshwa. Corin aliuchora wote. Mama yake akashona alichochora: mapeasi ya kijani na ya dhahabu, majani yaliyopinda, ndege weusi wakidonoa yaliyoiva. Walikaa pande mbili za fremu baridi nzima, yeye akimsahihisha mama kwamba jani hili limekaa kama limekufa, mama akifumua na kushona upya. Niliwasikia wakicheka kupitia ukutani, nami nikafikiri mambo yameisha. Ulipokamilika, Thirza alitarizi jina la Corin kwenye pembe, na mwaka, akampa. Ndio mfarishi pekee ambao hakumtoza mtu fedha wala kuupeleka kwenye maonyesho.

Siku ile ya bakuli nilikuwepo. Nilikuwa nimeenda kunywa chai. Corin alikuwa anaosha vyombo, na bakuli la kijani, lililofinyangwa na mmoja wa wale mafundi na kurithiwa pamoja na nyumba yenyewe, likamponyoka. Lilipasuka kwenye sakafu ya mawe.

Thirza alipiga magoti, akaokota vipande vyote, hata vile vidogo, akavipanga mezani na kuanza kuvijaribu kimoja kwa kingine.

"Sema kitu, Mama," Corin alisema.

"Hakuna neno, mwanangu. Litaungika."

"Nitukane basi."

"Nikutukane kwa bakuli?"

"Nesta yupo hapa, yeye shahidi. Nitukane kama mama za watu wengine!" Mikono yake ilikuwa inatiririka povu. "Humu ndani kila kitu ni kizuri. Kila kitu. Isipokuwa mimi."

Thirza alikuwa bado ameshika vipande viwili, anatafuta vinapokutana. Hakuinua macho. "Basi jitahidi," alisema.

Namjua. Hakuwa na nia mbaya. Ni jambo ambalo angeweza kumwambia mtu yeyote anayeshona mshono uliopinda. Lakini nilimwona Corin usoni, na nikaweka kikombe chini.

Asubuhi iliyofuata hakuwepo. Alichukua patasi zake, koti, na mfarishi wa mapeasi. Hakuacha neno.

Polisi walikuja, wakaandika, wakasema ni mtu mzima na ana haki ya kwenda atakako. Tulibandika picha yake vituo vya treni mpaka gundi ikatuganda kwenye kucha. Miaka mitatu ikapita hivyo. Thirza aliendelea kuamka, kuchora, kung'oa magugu, kushona. Watu kijijini walimsifu kwa uvumilivu. Mimi niliyekuwa nikiingia jikoni kwake bila kubisha ndiye niliyeona kwamba kila siku anapika viazi vya watu wawili, na vya pili anavifukia kwenye shimo la mbolea.

Mwezi wa Novemba, nikiwa kwa msusi mjini Stroud, nikashika gazeti la siku kadhaa nyuma. Kulikuwa na habari kuhusu mahema ya watu wasio na makazi chini ya daraja la barabara kuu huko Bristol. Manispaa inataka waondoke. Picha ilionyesha hema, matope, toroli la dukani. Pembeni alikaa mtu, kofia ya sweta imefunika kichwa, ameipa kamera mgongo nusu. Na mabegani mwake, mchafu, umechakaa, mapeasi na ndege weusi.

Niliondoka nywele zikinichuruzika maji. Msusi alinikimbilia mpaka barabarani na taulo.

Thirza alikuwa anakata waridi zake kwa ajili ya baridi. Nilimpa gazeti juu ya ukuta, sikuweza kuzungukia mlangoni. Akavua glavu, akavaa miwani, akalisogeza karibu na uso.

"Ni wenyewe," alisema.

"Najua ni wenyewe. Je, ni yeye?"

"Mabega si yake."

"Watu hunenepa, Thirza."

"Mtaani, Nesta? Watu hunenepea mtaani?" Lakini tayari alikuwa anatafuta ufunguo wa nyumba kwenye mfuko wa aproni, na mikono yake, ile mikono isiyowahi kupotea njia, ilikuwa inaupita na kuurudia, inaupita na kuurudia.

Nilimpeleka na gari langu la zamani la dukani, la siku zile nilizokuwa nauza mboga. Njiani aliongea zaidi ya alivyoongea mwaka mzima. Atamwogesha. Hatamwuliza kitu. Chumba kina shuka safi. Karatasi ya ukutani ataibandua yote na kupaka chokaa nyeupe kama Corin anataka, na vyombo atanunua vya plastiki. "Vyekundu," alisema. "Vile vibaya kabisa vya pikiniki." Akacheka, na mimi nikacheka, nikashika usukani kwa nguvu.

Chini ya daraja magari yalinguruma juu ya vichwa vyetu. Kulikuwa na mahema kama kumi hivi na gari dogo linalouza chai. Yule mtu tulimwona mara moja. Alikuwa amekaa kwenye kreti, mfarishi mabegani, anakula mkate. Thirza akaacha mkono wangu na kutembea mbele haraka, kisha akasimama. Mtu huyo alikuwa na umri wa kumzaa Corin. Mpana, ndevu nyekundu zilizoingia mvi, meno mawili ya mbele hayapo.

"Mnagawa supu au mnagawa dini?" alituuliza.

"Wala," nikasema. "Tunatafuta mtu."

"Hapa kila mtu anatafutwa, mpenzi wangu. Wengi na polisi."

Thirza alikuwa anatazama mfarishi tu. "Umeupata wapi huo?"

Akauvuta karibu na kifua. "Nilipewa. Sikuiba. Muulize yeyote hapa, Denzil haibi."

"Nani alikupa?"

"Kijana mmoja. Tulimwita Fundi. Alikuwa anachonga vijiko kwa mbao za makreti, vijiko vizuri utadhani vya mfalme, halafu anavitupa mtoni. Nikamwambia, viuze, mpumbavu wewe. Akasema havijatimia." Denzil alitabasamu kwa pengo lake. "Alilala hema moja na mimi baridi nzima ya mwaka juzi. Nilipougua kifua akanifunika huu. Nilipopona, nikamrudishia, akakataa. Akasema una uzito sana."

"Yuko wapi sasa huyo Fundi?" Thirza aliuliza.

"Aliondoka masika ile. Asubuhi tu, kafunga begi. Nikamwambia, unaenda wapi? Akasema popote pasipo na bustani." Denzil akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani yake?"

"Mama yake."

Alitikisa kichwa, si kwa ubaya. "Hapana, mama. Huyo wako ni mwingine basi. Fundi mama yake alishakufa. Alinieleza yote: alikuwa anashona, alishona huu, akafa. Alilia hapo, hapo ulipokanyaga. Mimi ndiye nilimbembeleza."

Lori lilipita juu na zege likatetemeka. Nilimshika Thirza kiwiko. Hakuanguka, hakulia. Alinyoosha mkono akagusa pindo la mfarishi, akalipitisha kati ya vidole vyake.

"Naomba unirudishie," alisema.

"Thirza," nikamwambia taratibu.

"Ni wangu. Niliushona kwa mkono wangu. Nataka kurudi nao nyumbani."

Denzil alitutazama sisi wawili. Nadhani alielewa hapo kwamba mama hakuwa amekufa, na kwamba ameshasema kisichofutika. Alisimama, akauvua mabegani, akaukunja kwa uangalifu, pembe kwa pembe, kama mtu aliyefundishwa.

"Chukua," alisema. "Cha mtu ni cha mtu."

Ndani ya sweta lake alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Hatukumwacha hivyo. Tulienda madukani, tukamnunulia mfuko wa kulalia wa bei kali, ule wa wapanda milima, na blanketi mbili, na soksi. Alitushukuru kwa adabu. Alivipapasa juu juu na kusema, "Vyepesi sana, eh? Utadhani hujafunikwa na kitu."

Huko nyumbani Thirza hakuuosha. Alikaa nao mapajani jikoni na kuunusa kila mahali, pindo baada ya pindo. Ulinuka moshi, mafuta ya taa, jasho la Denzil. Mwanawe hakuwemo. Alipofika kwenye pembe alipotarizi jina akaniita nije nione. Kipande hicho hakikuwepo. Hakikuchanwa wala kukatwa kwa kisu. Kilikuwa kimefumuliwa, mshono mmoja mmoja, kitambaa cha pembeni yake hakijaguswa hata uzi.

"Ni yeye," alisema. "Mimi ndiye niliyemfundisha kufumua hivyo."

"Basi anacho," nikamwambia. "Angekuwa hataki kukumbuka angekikata tu. Anatembea nacho, Thirza."

"Au hakutaka mtu asome jina lake." Akafunika lile pengo kwa kiganja. "Unajuaje, Nesta? Huenda alikaa hapo chini ya daraja siku nzima anafumua jina nililompa, kisha akalitupa mtoni na vile vijiko."

Niliweka maji ya chai jikoni, ndilo nililoweza.

Disemba ile barafu iliingia mapema. Birika la kuogea ndege bustanini liliganda likapasuka. Asubuhi moja Thirza alikuja kwangu amevaa viatu vya kutokea, mfarishi umefungwa kwa kamba kwapani. Macho yalikuwa mekundu.

"Nilimvua mtu nguo, Nesta," alisema. "Mtu aliyembembeleza mwanangu. Nilimvua mtu nguo kwenye baridi kwa sababu nilikasirika. Nipeleke."

Tulipofika, mahema hayakuwepo. Uzio wa chuma ulizungushwa chini ya daraja na sakafu ilikuwa imeoshwa kwa bomba, maji yameganda. Lile gari la chai tu lilikuwepo, limesogezwa ng'ambo. Mwenye gari, mama mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, alitukumbuka.

"Nyie ndio mlimletea Denzil vitu vya duka?"

"Ndiyo," nikasema. "Yuko wapi? Tumemletea..."

"Vitu vile viliibwa usiku uleule." Alikuwa anafuta kaunta, haachi kufuta. "Vitu vipya huku havilali na mwenyewe. Lile blanketi lake bovu hakuna aliyelitaka, ndio maana alikaa nalo muda wote huo. Kifua kikamrudia. Nilimwitia gari la wagonjwa mwenyewe, Jumatatu." Akaacha kufuta. "Alifariki hospitalini. Poleni. Alikuwa ndugu yenu?"

Thirza alikuwa amesimama na ule mfarishi kama mtu aliyeletewa mtoto wa watu na hajui wa kumpa. Yule mama akatumiminia chai tusiyoiomba. Ikapoa mikononi mwetu.

Ndani ya gari nilimwambia aliyoyasema kila mtu mwenye akili baadaye: kwamba kifua cha Denzil kilikuwa kibovu kabla yetu, kwamba wangefukuzwa pale vyovyote vile, kwamba aliyeiba ndiye mwenye dhambi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Umesema vizuri," alisema. "Sasa endesha."

Denzil hakuwa na watu. Manispaa ilimzika Januari, saa za asubuhi wanazowawekea wasio na wenyewe. Thirza alipiga simu kila ofisi mpaka akapata siku na mahali. Tulikuwa mimi, yeye, mama wa gari la chai, na mchungaji kijana aliyeshikwa na mafua. Kabla ya hapo Thirza alikuwa ameniita nimsaidie kuuosha mfarishi. Tuliuosha kwenye beseni la bati kwa sabuni ya vipande na maji ya uvuguvugu, tukabadilisha maji mara nyingi, yakitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha safi. Rangi zake zilirudi zote. Nyekundu ya mizizi, buluu ya nili, dhahabu ya mapeasi. Tuliuanika jikoni juu ya jiko, na kwa siku ile nyumba nzima ilionekana kama Julai. Pengo la jina alilijaza kwa kitambaa cheupe kisicho na kitu, na hakukitarizi.

Mwanamume wa nyumba ya mazishi alisita. "Ni kazi ya thamani sana hii, mama. Una uhakika uingie chini?"

"Mfunikeni vizuri miguuni," alisema Thirza.

Wakamfunika. Jeneza likafungwa. Alitupa udongo wake, akapangusa kiganja kwenye koti, na tukarudi nyumbani.

Nilitegemea labda kilio kingekuja baada ya hapo, na baada ya kilio nafuu. Hakikuja. Kilichokuja ni kwamba aliacha. Hakuenda tena bustanini na penseli. Masika magugu yalipanda mpaka madirishani. Waridi zikashikwa na ukungu, mizizi ya rangi haikuchimbwa, na mpeasi ukutani uliota matawi mbele, ukavunja waya zake na kujitenga na mawe. Nilijaribu kuukata mwenyewe nikaukata vibaya. Alinitazama kupitia dirishani, hakugonga kioo.

Watu wa maonyesho ya bustani wa kijiji walimtuma Bi Ottoline Freke, mwenyekiti wao, aje kumsihi. "Wageni hutoka Ujerumani kuona bustani yako, Thirza! Tuseme tu kwamba mwaka huu ni ya mtindo wa porini?"

"Sema imekufa," alijibu, na akafunga mlango.

Vuli alinishangaza. Aliniomba nimpeleke Stroud, akanunua cherehani ya umeme, kubwa, ya kijivu, yenye sura ya kifaa cha hospitali. Aliiweka juu ya meza iliyochongwa na fundi wa boriti zake, bila hata kitambaa chini, ikakwaruza mbao, na hakujali. Fremu ya mkono aliibeba kipande kwa kipande mpaka bandani. Kisha akanunua mabunda ya kitambaa cha magunia, makoti ya mitumba ya jeshi, blanketi za hospitali zilizotupwa. Akaanza kukata miraba mikubwa na kuiunga, kijivu na kahawia, kahawia na kijivu, mishono mirefu ya mashine iliyonyooka. Aliweka sufu nyingi ndani, tabaka mbili badala ya moja, mpaka kila mfarishi uwe mzito wa kukulemea. Cherehani ililia kupitia ukuta wangu kutoka asubuhi mpaka chakula cha jioni.

"Pumzika kidogo," nilimwambia. "Angalau weka kipande kimoja chekundu, macho yako yapate pa kukaa."

"Macho yangu hayatafuti pa kukaa."

Sasa kila Alhamisi ya baridi naendesha lile gari la mboga mpaka Bristol, limejaa hivyo vitu. Watu wa mahema wamehamia nyuma ya ghala za reli. Thirza anamfunika kila mmoja mwenyewe, hagawi kwa kurusha. Anainama, anaweka kitambaa mabegani, na anamtazama usoni kwa muda mrefu zaidi ya inavyofaa. Wengine hucheka, wengine humtukana. Anauliza kuhusu kijana anayechonga vijiko. Mwaka jana mmoja alisema amemwona Cardiff, tukaenda Cardiff. Mwingine alisema amesikia mtu kama huyo alifia Plymouth. Plymouth hatujaenda. Amesema mwezi ujao, na mwezi ujao akasema ujao.

Alhamisi iliyopita kulikuwa na msichana mdogo mdogo pale, mgeni, pete puani, anatetemeka kwa baridi. Thirza alimwekea mfarishi wake. Msichana aliugeuza upande huu na huu akiutazama.

"Mzito vizuri," alisema. "Asante, mama. Lakini jamani! Hukupata hata ua moja la kuuwekea?"

Nilidhani Thirza atageuka aende zake. Alibaki ameinama, mkono bado kwenye bega la yule mtoto wa watu.

"Ua huvutia wezi," alisema.

Akamfunga kamba za mfarishi chini ya kidevu, akanyanyuka kwa kushika kiuno, na kuniuliza kama wamebaki wengine upande wa pili wa reli.